Senene wa Baada ya Krismasi

Rwekaza alifariki Jumanne asubuhi, mwezi wa tisa, ndizi zikiwa bado hazijaiva jikoni. Mkewe Alistidia alizima moto. Majirani wa Kitendaguro walizikuta sufuriani jioni, zimepoa.

Novemba senene, panzi wa kuliwa, wakaanguka. Alistidia na binti yake Nancy walitoka umande ukiwa bado nyasini, wakawaokota, wakawanyonyoa mbawa na miguu. Miaka kumi na minne mambo yalikuwa hivi: mke anampikia mumewe senene, mume anamnunulia mkewe kitenge. Mwaka huu hakukuwa na wa kumpikia.

"Tuwauze, Mama," alisema Nancy. Januari alitakiwa kwenda shule ya bweni, na godoro hana, wala sanduku.

Sokoni kila mtu alikuwa na senene. Alistidia alirudi na pesa isiyotosha hata sanduku, na ndoo bado imejaa nusu. Gaudensia, yaani Mama Kemilembe, jirani yake aliyezoea biashara ya sokoni, alimkuta barazani.

"Waitu, mwenzangu, mbona uso umekunjamana kama ganda la ndizi?"

"Wamenipunja, Mama Kemilembe. Wamenipa bei ya bure."

"Hawakukupunja. Leo nani hana senene? Hata paka wangu ameshiba. Bidhaa ikijaa sokoni, mnunuzi ndiye anayeringa. Ikiadimika, utaringa wewe."

"Niwaweke? Kesho si watanuka?"

"Wabichi ndio watanuka. Chumvi unayo?"

Waliwachemsha kwa chumvi, wakawakaanga kwa mafuta yaliyowatoka senene wenyewe, wakawaanika mpaka wakakauka kau. Kila siku waliokota wengine, wakawatia makoponi.

"Sasa humu kuna senene na kuna kazi yako," alisema Gaudensia. "Kazi nayo ina bei. Ila toa kwanza gharama ya kuni na chumvi, usije ukaiita yote faida."

"Nitauza lini?"

"Baada ya Krismasi. Waliokuja kula sikukuu watarudi Dar. Nani atarudi mikono mitupu?"

Nancy alinyoosha mkono. "Mama, nionje mmoja?"

"Onja. Hicho ni kipande cha godoro lako."

Nancy alicheka, akaurudisha mkono.

Sabuni ilipoisha, Alistidia aliyatazama makopo kwa muda mrefu. Kisha akaenda shambani, akakata mkungu wa ndizi, akauuza huo. Kopo moja lilishika ukungu kwa sababu mfuniko haukukaza. Wakamwaga.

Siku tatu baada ya Krismasi walikwenda stendi ya mabasi pamoja na Gaudensia. Wasafiri walinunua makopo yote kabla ya saa nne, kwa bei ambayo Alistidia alihofia kuitaja.

Katika duka moja huko Miembeni walipata godoro na sanduku. Muuzaji akatandaza kitenge cha bluu. Alistidia alikishika. Pesa iliyobaki ilikitosha.

"Nikichukue?" alimuuliza Gaudensia.

"Sikukatazi. Pesa ni yako. Ila ukikichukua, makopo na chumvi ya msimu ujao utaanza kuvitafuta upya. Chagua ukijua unachokiacha."

Alistidia alikikunja vizuri, pembe kwa pembe, akakirudisha.

Nancy yuko bweni, analala kwenye godoro lake. Makopo kumi mapya yako juu ya kabati, na mifuniko yake inakaza. Kitenge anachofunga Alistidia ni kile cha mwisho alichonunua Rwekaza.