Mgeni wa Nusu Kitabu

Magharibi nilishuka Umbilo Road kununua mkate. Kupanda ngazi, nikanusa udi.

Udi. Kwenye jengo la walokole watupu.

Ulitoka kwangu, chumba cha Coletha, binti wa Bukoba niliyempangisha. Maktaba moja ya Ujerumani humtumia picha za vitabu vyao vya kale vya herufi za Kiarabu, yeye anawaandikia kila kimoja kinahusu nini, kinaanzaje, kinaishaje. Kuvibeba walijua, kuvisoma ndiyo taabu.

Wiki hiyo alikuwa na kitabu cha mganga wa pwani. Nilimwambia, cha kuita pepo hakisomwi kwa sauti. Pepo ni mgeni. Ukimwita, lazima umuage.

"Bibi, ni picha tu," akacheka. Wasomi hao.

Nikasukuma mlango. Yuko mbele ya kompyuta, anasoma, sauti imemkauka. Nyuma yake kitanda kimebonyea katikati...

Juu yake hakuna mtu.

"Coletha. Soma pa kumuaga."

"Hapapo," akanong'ona. "Kitabu kilikatwa. Nusu iko maktaba nyingine, Uholanzi. Nimewaomba picha."

Akanyamaza kumeza mate. Kitanda kikalia, kwiii. Bonde likasogea ukingoni, upande wake.

"Nikinyamaza anakuja, Bibi."

"Basi soma, mjinga wewe."

Nikakaa kizingitini. Ndani siingii, sijachoka kuishi.

Kompyuta ikalia. Picha ya Uholanzi.

Akaisoma taratibu. Udi ukafifia. Godoro likainuka, likanyooka. Nikashukuru Mungu.

Coletha akavaa viatu.

"Wapi?"

"Kitabu kinasema mwenyeji amsindikize mgeni." Hakunitazama. "Hapo tu, Bibi. Kwenye robot, zile taa za barabarani."

Nikamdaka mkono. Ulikuwa baridi. Ukachomoka kwangu kwa nguvu...

Aliyeuvuta si yeye.

Nikamfuata kwa magoti yangu haya. Chini nikamkuta Gustave, kinyozi Mkongo.

"Coletha? Alipita, Mama. Iko anaongea na mtu."

"Mtu gani?"

Akazima mashine.

"Mtu sikuona. Niliona tu mkono yake, kama vile iko wanaushika."

Kwetu mgeni husindikizwa, kisha mwenyeji anageuka, anarudi. Yeye hajarudi. Polisi wameandika, wamekwenda zao. Nikamwomba mpangaji mwingine aniandikie Uholanzi, awaulize kama upo ukurasa wa kumrudisha mwenyeji.

Wamejibu kwa adabu sana. Kitabu kinaishia hapo.