Nani Humwomba Mfiwa Risiti?

Kila Jumapili baada ya ibada, Gaudiose hupanga viti katika chumba chake pale Joubert Park, Johannesburg. Chai ya tangawizi ikiiva, Warundi wenzake huingia mmoja mmoja. Wana chama cha mazishi, cha kurudisha marehemu nyumbani. Gaudiose ni mshonaji, na kwa miaka kumi na moja ndiye mweka hazina.

Jumapili moja chai ilipoa vikombeni.

"Dada, randi elfu tatu na mia nne hazionekani daftarini," alisema Cédric, mmoja wa wanachama.

"Eish! Mimi ndiye mwizi leo?"

Watu walipotoka, Gaudiose alilia. Alihama mji wa Ngozi, Burundi, mikono mitupu, na jina jema tu. Sasa hilo nalo linachezewa!

Jirani yake, mzee Alain, alibaki. Hapa Johannesburg ni mlinzi wa mlangoni, lakini kwao alikuwa mwalimu wa hesabu.

"Mwanangu, tuchague mkaguzi."

"Ili anichimbe, mzee?"

"Ili akusafishe. Hata serikali ya hapa hukaguliwa. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu ina zaidi ya miaka mia. Siku hizi wabunge humpigia kura mkaguzi huyo, ndipo Rais humteua. Muda wake ukiisha, harudi tena. Basi ana haja gani ya kumbembeleza mtu? Anasoma daftari, anauliza penye shimo, anasema alichokiona."

Gaudiose alimkumbuka baba yake. Zamani, kila msimu wa kahawa, wakulima wa kwao walichagua mtu wa kupima magunia upya. Walipomchagua baba, alivaa koti lake la harusi, akaanza na gunia lake mwenyewe. Jamani, harufu ya kahawa ile! Na watu walivyomwamini!

"Nakubali," alisema. "Aanze na mimi."

Wanachama walimchagua Alain. Alipekua daftari siku tatu, akafika mtaa wa Mayfair kwa Mama Bijou, aliyefiwa na mumewe mwezi ule pesa zilipopungua.

"Gaudiose alinipa pesa hizo mkononi, siku ya msiba," mjane alisema.

Alain akarudi kwa Gaudiose. "Mbona hakuna risiti wala maandishi?"

"Mzee, nani humwomba mfiwa risiti? Na kwa vilio vya siku ile, kuandika nikasahau kabisa."

"Heshima nzuri, ila imekuponza. Mfiwa tumwache alie. Mashahidi wawili watie sahihi."

Jumapili Alain aliyasoma hayo mbele ya wote. Cédric alisimama. "Dada, nisamehe."

"Yamekwisha. Kunywa chai."

Tangu hapo, mashahidi hutia sahihi, na minong'ono imekoma. Mwaka ulipoisha, Gaudiose alimwachia mwingine hazina, na muda wa Alain ukawa umekwisha. Wanachama wakamchagua Gaudiose kuwa mkaguzi. Alivaa kitenge chake cha harusi, akafungua daftari, akatafuta kwanza jina lake mwenyewe.