Mikono Kwenye Video ya Ilmari

Harufu ndiyo iliyomshtua Aune Rautio kwanza. Alikuwa nyumbani kwake katika mji wa Oulu, na kahawa ya mchana na kipande cha pulla, mkate mtamu wa iliki, pembeni, akabonyeza "Kubali" kwenye kompyuta, na papo hapo chumba kikanuka nywele zilizoungua. Akanusa kikombe. Akanusa sweta lake. Alifungua dirisha, baridi ikaingia, harufu isitoke.

Aune alikuwa msimamizi wa tovuti ya watu wanaoshindana kumaliza michezo ya kompyuta kwa kasi. Mchezaji hujirekodi na kutuma video. Msimamizi huitazama yote, huandika "Nimeona, mikono ni ya mchezaji", ndipo muda wake uingie kwenye jedwali la rekodi. Kwa hiyo ni lazima kamera ionyeshe mikono kwenye kibodi mwanzo mpaka mwisho, maana wadanganyifu wamejaa tele. Aune alikuwa na jicho kali. Hata waliomchukia walimwamini, na hiyo ndiyo fahari pekee aliyokuwa nayo.

Lakini video ya Ilmari Kesti hakuitazama. Atazame nini? Ilmari ni rafiki yake tangu utotoni, na yeye Aune ndiye aliyemfundisha mchezo wenyewe, kona kwa kona, bila kuficha kitu.

"We nipitishe tu," Ilmari alimwambia kwenye simu. "Au hata mimi unanishuku siku hizi?"

Aune alicheka, akaandika alichopaswa kuandika, akabonyeza. Urafiki nao una ujinga wake.

Haikupita saa, akapigiwa na Veikko, msimamizi mwenzake.

"Umerudi kucheza lini, dada?"

"Sijacheza."

"Acha utani. Mikono iliyo kwenye video ya Ilmari ni yako." Sauti ya Veikko ikashuka. "Itazame mwenyewe. Mimi siirudii."

Aune akaifungua. Vidole vilikimbia juu ya kibodi kwa kasi ambayo hajawahi kuiona, na kwenye kifundo cha mkono lilikuwepo kovu lake la kuungua na jiko la sauna, bafu la mvuke, na kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda vilevile kilivyopinda chake alipoanguka kwenye barafu, na pete ya marehemu mama yake, ambayo hata akioga haivui, ilikuwa inang'aa pale, na kila mikono iliposimama kupumzika vibonye viliendelea kulia vyenyewe, huku nyuma yake kitu kikihema polepole, karibu kabisa na kamera, na harufu ile ya nywele ikazidi.

Akampigia Ilmari, akaiweka simu mezani kwenye spika.

"Ilmari," alinong'ona. "Umefanya nini?"

"Limeshafika kwako?"

"Nini?"

"Jini. Nilikuwa nashindwa, Aune, kila siku nashindwa, likaja likasema litanipa mikono inayoweza. Ila msimamizi ashuhudie kwamba ni yangu."

"Mimi nimekutolea ushahidi wewe!"

"Umeandika mikono ile ni yangu. Jini halikutaka zaidi ya hapo."

Machozi yakamtoka. Kilichomuuma zaidi ya hofu ni jinsi rafiki yake alivyokuwa anaongea kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kupanga jambo hilo siku nyingi.

"Tuko wasimamizi wanne. Kwa nini mimi?"

"Wengine wangetazama."

Aune akataka kuifuta ile video. Mikono haikuinuka. Ilikaa mezani, ya baridi, akiitazama kama ya mtu mwingine. Akaivuta kwa nguvu zote za mabega yake, asiweze. Kisha ikaamka yenyewe, ikasogea taratibu mpaka kwenye kibodi, vidole vikajipanga.

"Naisikia mikono," Ilmari alisema kwa sauti ya chini. "Usishindane nayo, utaumia. Nataka nipunguze sekunde nyingine mbili tu kwenye muda wangu."

"Ilmari, nakuomba. Mimi ni Aune."

Ilmari alikohoa kidogo, akaanza kuhesabu, taratibu, kama walivyozoea kuhesabiana kabla ya kucheza: tatu, mbili, moja.