Mdundo wa Upande Mmoja

Wewe unajua kwamba mdundo wa sabufa, ile spika ya besi, unaweza kuelekezwa kama maji ya mfereji? Rafiki yangu Jubilate wa Talatala, kiongozi wa kwaya, alijua. Jirani yake Bibi Rut, mgonjwa wa moyo, alipomwomba apunguze sauti ya mapambio, Jubilate alipanga sabufa mbili na kugeuza nyaya za moja, mdundo ukafifia nyumbani kwake, ukaelemea kwa bibi.

"Mwanangu, kifua kinatetemeka."

"Bibi, mbona hapa kumetulia? Uzee huo!"

Tulimzika Jumamosi. Jioni umeme ukakatika, na gizani mdundo ukaanza, taratibu, kutoka nyumba ya marehemu iliyofungwa. Vikombe vikalia kabatini kwa Jubilate.

"Baba Nelson, umeme haupo," mkewe Neema alimnong'oneza Jubilate. "Hicho nini?"

Jubilate akaugeukia ukuta wa upande wa bibi.

"Bibi, nilikuelekezea makusudi."