Mlango Uliomkataa Mwosha

Katika jiji la Mwambao Mpya, miaka tisa ilikuwa imepita bila mtu kugusa kitasa. Milango ya maduka, ya mabasi, ya shule na ya zahanati ilifunguka yenyewe kabla hujaifikia, kwa sababu Mlangojuzi ulikuwa umeshakutambua kwa mwendo wako, ukakupima na kuridhika nawe. Haukuwa mashine moja. Ulikuwa hesabu ndefu ndani ya kompyuta za jiji, ikijiuliza swali lile lile mara milioni kwa siku: huyu ni salama kumpitisha? Wageni waliusifu, na wenyeji wakaringa.

Asubuhi moja, saa nne, mlango wa chumba cha maiti katika hospitali ya mtaa ulikataa kumfungukia Bi Mwantumu.

Injinia Mwajabu Semboja, mzaliwa wa mtaa ule na mmoja wa waliotunga hesabu hiyo, alitumwa kuangalia. Alimkuta bibi wa miaka sabini na moja ameketi sakafuni, kikapu mapajani: kafuri, pamba, majani ya mkunazi na sanda iliyokunjwa vizuri. Kwa miaka arobaini alikuwa ndiye mwosha maiti wa wanawake wa mtaa ule. Ndani alilala Bi Saumu, shoga yake wa tangu usichana, aliyefariki alfajiri na aliyepaswa kuzikwa baada ya Alasiri. Waosha wengine wawili walikuwa wameacha kazi mwaka uliopita, walipoona milango inaanza kuwasitia.

Mwajabu alifungua kishikwambi chake akasoma. Katika miaka mitatu Bi Mwantumu alionekana karibu na vifo mia mbili na kumi na viwili. Hesabu ilikuwa imefundishwa, baada ya ugonjwa wa mlipuko uliolikumba jiji, kwamba anayeonekana penye vifo vingi azuiwe. Madaktari, wauguzi na polisi walisamehewa, maana wamo kwenye orodha ya waajiriwa. Mwosha haajiriwi na mtu. Kwa macho ya kompyuta hakuwa kazini, alikuwa tu bibi anayetokea kila mahali watu wanapokufa.

Zamani kikongwe kama huyu angenyooshewa kidole na jirani mwenye chuki, na walau jirani yule angeweza kuulizwa. Sasa ameitwa mchawi kwa asilimia, na watu wasomi, wenye suti na vyeti, wakaita jambo hilo maendeleo. Mwajabu alikuwa mmoja wao, na aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Wewe ndiye uliyetengeneza mlango huu, mwanangu?" Bi Mwantumu aliuliza, akimtambua binti wa mtaa wao.

"Ni mimi na wenzangu, bibi."

"Basi uambie siwaui. Nawaosha."

Mwajabu alimpigia Mkurugenzi Mwakatobe, akamweleza yote na kuomba bibi apitishwe. Mkurugenzi alisema kwa upole kwamba maombi hupitiwa kwa siku kumi na nne. Mwajabu akamkumbusha kuwa maiti haisubiri siku kumi na nne. Mkurugenzi akajibu kwamba hesabu haina ubaya na mtu, inasoma mwenendo tu, na matokeo yake ni mazuri.

"Msongamano kwenye misiba umepungua kwa asilimia sabini," alisema. "Tumeliandika hilo kwenye ripoti kama mafanikio."

Mwajabu alikata simu. Ndipo alipoelewa kwa nini mazishi ya baba yake mdogo yalikuwa na watu kumi na mmoja. Alikuwa amewalaumu majirani kwa ukavu wa moyo, kumbe walikuwa wakiogopa kuonekana penye kifo, milango isije ikawakataa. Na yeye ndiye aliyewatia hofu hiyo.

Alitoa mkobani ufunguo wa chuma, ule wa dharura ya moto, ambao hakuwahi kuutumia. Kufuli lilikuwa limekwama kwa kutotumika. Alizungusha ufunguo na kusukuma mlango kwa bega hadi likaachia, akamshika bibi mkono na kumwinua.

Ndani, Bi Mwantumu alimsalimia shoga yake kwa jina, kama aliyemkuta amejipumzisha, kisha akatazama huku na huku. Kazi ile ilihitaji watu wawili, na msaidizi hakuwepo. Mwajabu alivua viatu, akakunja mikono ya gauni na kushika kata ya maji.

Bangili yake, iliyopokea taarifa za Mlangojuzi, ikatetemeka. Maandishi yakatokea kwenye kioo chake kidogo: *Ndugu Mwajabu, umeonekana karibu na kifo cha pili. Milango yako bado inafunguka. Kwa usalama wako, ondoka.*

"Wanakwambiaje?" Bi Mwantumu aliuliza.

"Wananiambia niondoke, bibi."

Bi Mwantumu alifunika mwili wa Saumu kwa kanga, pasionekane pasipostahili kuonekana.

Mwajabu aliivua bangili akaiweka sakafuni, mbali na maji. "Nianzie wapi?" aliuliza.

"Kulia," bibi alisema. "Na taratibu. Anakufahamu huyu, alikuwepo ulipozaliwa."