Kuku wa Krismasi Kasingirima

Kila asubuhi Leonia na Shadia walifagia ua pamoja, wakateka maji bombani, kisha wakaanika dagaa. Shadia alipiga soga muda wote. Leonia alijibu "ego" tu, yaani ndiyo kwa lugha ya kwao Rumonge, Burundi. Ilikuwa miezi mitatu tangu baba yake amlete Kasingirima, Ujiji, nyumbani kwa kina Shadia, kwa Mzee Abdulatif, rafiki yake wa biashara ya mawese. Mama yake Leonia alikuwa mgonjwa sana, na baba alikuwa akimwuguza hospitalini Bujumbura.

"Kaa vizuri na watu," baba alimwambia walipoagana. "Wakikurudisha, sina pa kukuweka."

Maneno hayo hayakumtoka Leonia kichwani.

Krismasi ilipokaribia, baba alipiga simu. Asingeweza kuja kumchukua, kwani mama hakuwa na nafuu. Leonia alimrudishia Mama Shadia simu, akaenda kujilaza. Krismasi gani hiyo, bila mama, katika nyumba ya Waislamu ambao wala hawaisherehekei?

"La, hatukubali," Mama Shadia alisema. "Hii ni sikukuu yako, haiwezi kupita hivi hivi." Akanunua jogoo mnono.

Siku yenyewe Leonia alirudi kutoka kanisani akakuta nyumba tupu. Mzee alikuwa kazini, na Shadia na mama yake walikwenda kununua mchele. Kwao Leonia hakuwa na kaka, hivyo kuchinja kuku ilikuwa kazi yake. Akaona afadhali awasaidie wenyeji wake. Akachukua kisu.

Mama Shadia aliporudi, mchuzi ulikuwa unatokota. "Mashallah! Nani amekuchinjia?"

Leonia alishangaa. Shadia akacheka. "Mbona unashangaa? Si unajua sisi hatuli kuku aliyechinjwa na asiye Mwislamu?"

Masikini, hakujua! Miezi yote ile walikula dagaa na migebuka, na samaki hachinjwi. Wakijua, watanirudisha, aliwaza.

"Bwana Saidi wa jirani," akajibu.

Mchana wakaketi mkekani. Mzee Abdulatif alinawa mikono. "Krismasi njema, binti yangu," akasema kwa furaha. "Bismillahi." Akachukua paja la kuku.

Leonia alijaribu kunyamaza, akashindwa. "Usile, mzee!" alipiga kelele. "Nimemchinja mimi!"

Paja likarudi kwenye sinia.

"Mungu wangu! Na Saidi?" aliuliza Mama Shadia.

"Nilidanganya, mama."

Leonia alikimbilia chumbani, akaanza kukunja nguo zake huku akilia. Mzee Abdulatif akamfuata, akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui, mzee. Mtanirudisha, na kwetu hakuna mtu."

Mzee alikuwa amekasirika, na hakuficha. "Kumchinja kuku si kosa lako. Hukujua, na sisi hatukukwambia. Lakini ulipojua, ulituacha tunawe mikono tule. Kama ningemla kuku yule, ungenitazamaje kesho?"

"Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe, lakini sikuchekei. Mgeni akikosea tunanyamaza, tunangoja aondoke. Wewe nakugombeza kwa sababu ni mwanangu. Rudisha hizo nguo sandukuni, uje."

Mama Shadia alimpelekea kuku jirani yao Winfrida, Mkristo, aliyeshukuru sana kwa kitoweo asichokitegemea. Kisha akakaanga dagaa haraka haraka, wakala na wali. Shadia, ambaye alikuwa ameutamani mchuzi ule tangu aliposikia harufu yake, alinuna kidogo, kisha akasogea ili Leonia apate nafasi karibu naye.

Leonia alikula huku machozi yakimdondoka. Mama yake alikuwa bado kitandani Bujumbura, na hakuna aliyejua kama angepona. Sikukuu ilikuwa imeharibika, na hakukuwa na nyingine mpaka mwaka ujao.

Mzee Abdulatif alimsogezea dagaa. "Kula, mwanangu," akasema. "Najua una hofu nyingi. Ukiwa na hofu, tuletee hiyo hofu yenyewe, tutaibeba pamoja. Usituletee uongo."

"Ego, baba," alijibu Leonia.