Majaribio Sitini na Matatu Yaliyonyamaza

Jumamosi asubuhi Nyaruai alikuwa ameketi kibarazani, nyumbani kwao mtaa wa Tuwan, mjini Kitale. Kompyuta ilikuwa mapajani. Mumewe, Kabiru, alikuwa na ungo, akichambua maharagwe ya kupika pamoja na mahindi, githeri ya mchana.

Nyaruai alijifunza mwenyewe kuandika programu za kompyuta. Programu yake moja ilitumika katika ghala la mahindi la Moi's Bridge, mahali Kabiru alipofanya kazi. Kipimo huchomwa ndani ya gunia na kusoma unyevu. Kisha programu huamua. Unyevu ukiwa asilimia kumi na tatu na nusu au chini yake, taa ya kijani huwaka. Ukizidi hapo, taa nyekundu huwaka, na mahindi hurudi kuanikwa. Mahindi yenye unyevu mwingi yakifungiwa ghalani huota kuvu, na kuvu inaweza kuwa na sumu.

Jumatatu programu ingeanza kazi katika ghala jipya la chama cha wakulima kule Sirisia, Bungoma. Familia mia tatu zingeweka humo chakula chao cha mwaka.

Ili asikosee, Nyaruai alikuwa ameandika majaribio 214. Jaribio ni programu ndogo. Huiuliza programu kubwa swali ambalo jibu lake linajulikana. Unyevu ukiwa ishirini, taa gani itawaka? Programu ikijibu nyekundu, jaribio limepita. Ikijibu kijani, jaribio limefeli. Majaribio haya huendeshwa na kiunzi. Kiunzi huyatafuta, huyaita moja moja, na kuandika matokeo. Lakini kiunzi cha Nyaruai kilikuwa cha zamani, na kompyuta mpya ya Sirisia haikukikubali. Ilibidi majaribio yahamie kwenye toleo jipya.

"Utaandika upya yote mia mbili?" Kabiru aliuliza.

"Nani, mimi? Kuna chombo cha kuhamisha. Kinasoma jaribio la zamani, kinaliandika kwa mtindo mpya. Mimi nabonyeza tu."

Akabonyeza. Dakika mbili hazikuisha, maandishi ya kijani yakatokea: YOTE YAMEPITA.

"Endelea na maharagwe yako, Baba Joy," alisema. "Mimi yangu nimemaliza."

Jirani yao Dinah aliingia na sufuria aliyokuwa ameazima. Dinah ni mzaliwa wa Sirisia. Kazi yake mjini ilikuwa kukagua programu za kompyuta kabla hazijatumiwa na watu.

"Niaje, Mama Joy? Mbona unacheka peke yako?"

"Nimehamisha majaribio. Yamepita."

"Mangapi?"

"Yote, bana."

"Yote si hesabu. Mangapi?"

Nyaruai alitazama sehemu ya chini ya kioo cha kompyuta. Tabasamu likapungua. "Mia moja hamsini na moja."

"Na kwenye kiunzi cha zamani?"

"Mia mbili kumi na nne, wiki iliyopita."

Kabiru akacheka. "Ati umepoteza sitini na matatu hata chai hatujakunywa?"

"Lakini hakuna lililofeli!"

"Ambalo halikuitwa litafeli namna gani?" Dinah alisema, akivuta kiti. "Kiunzi hukwambia habari za yale kiliyoyaona. Yale mengine, kimya."

"Kuna karani alikuwa hivyo kule ghalani kwetu," Kabiru alisema. "Alichoma bambo la kuchotea punje kwenye magunia ya mbele tu, akaandika lori lote ni kavu."

"Ni hivyo hasa, Baba Joy."

Walipanga orodha mbili, ya majina ya zamani na ya sasa, wakazilinganisha. Majina yote yaliyokosekana yalianza na neno "jaribu". Nyaruai alishika kichwa. Miaka sita iliyopita, alipokuwa akijifunza, aliyaita majaribio yake kwa Kiswahili. Alikiagiza kiunzi cha zamani kiyatafute kwa jina hilo. Baadaye alianza kutumia neno "test" kama wengine. Chombo kilihamisha majaribio, lakini hakikuhamisha lile agizo. Kiunzi kipya kilitafuta "test" peke yake.

"Ujinga wangu," alisema.

"Si ujinga. Chombo hakikuambiwa. Sasa kiambie."

Walirudisha nakala ya zamani. Wakakiongezea chombo kanuni moja: kila jina linaloanza na "jaribu" lipewe mwanzo mpya, "test". Safari hii hawakuhamisha yote kwa mkupuo. Walihamisha faili moja, wakahesabu, wakasoma kwa macho yao kilichobadilishwa, ndipo wakaenda kwa nyingine.

Walipofika faili ya unyevu, kioo kikawa chekundu. Unyevu kumi na sita: jibu sahihi ni nyekundu, programu imejibu kijani.

"Ona, chombo kimeharibu jaribio langu!"

"Pengine. Usilaumu bado. Soma jaribio kwanza, halafu programu."

Jaribio lilikuwa sawa. Nyaruai akafungua programu. Kiwango cha unyevu hakikuwa kumi na tatu na nusu. Kilikuwa kumi na nane.

Akakumbuka. "Jumatano viongozi wa chama walikuja kuonyeshwa programu. Mahindi tuliyokuwa nayo yalikuwa na unyevu mwingi. Nikapandisha kiwango ili waone taa ya kijani. Nikasahau kukirudisha."

Kabiru aliweka ungo chini. "Kwa hivyo Jumatatu mahindi yenye unyevu yangeingia tu."

"Yangeingia. Na kompyuta ingeniambia yote yamepita."

Alikirudisha kiwango. Kufikia saa saba mchana majaribio yalikuwa 214, yote ya kijani. Dinah hakuinuka.

"Faili ya uzito haijawahi kuwa nyekundu leo. Iharibu."

"Niiharibu?"

"Makusudi. Nataka kusikia ikilia."

Nyaruai aliongeza kilo kumi mahali pasipofaa katika hesabu ya uzito ya programu. Majaribio tisa yakafeli papo hapo. Akaziondoa, yakapita.

"Sasa kijani chako nakiamini," Dinah alisema. "Si mnipe hiyo githeri?"

Jumatatu, Sirisia, wa kwanza kufika alikuwa Mama Phelista na magunia mawili. Kipimo kilisoma kumi na sita. Taa nyekundu.

"Nimeanika siku tatu! Mashine yenu ni ya Kitale, haijui jua la huku!"

Watu wakacheka. Nyaruai hakutetereka. "Mama, mashine iko sawa. Ongeza siku mbili, yatapokelewa."

Phelista aliuma punje. Ilikuwa laini bado. Akaguna, akaomba kuazimwa turubai.

Jumatano alirudi. Kumi na tatu. Kijani. Nyuma yake Hillary, mkulima mwenzake, alikuwa akishusha magunia kwenye pikipiki. Phelista alichomoa punje kwenye gunia la Hillary, akaiuma, akaikuta laini, akaitema.

"Wewe rudi ukaanike," alimwambia. "Usiisumbue mashine bure."